Mwaka Uliozimwa kwa Ndoo

Kibanda cha Mwaka kikizimwa kabla hakijamaliza kuungua, mwaka mpya umeingia au haujaingia?

Swali hilo niliulizwa mbele ya kijiji kizima, jua la utosini, na sheha, mkuu wa kijiji, aliyekuwa amerowa maji kuanzia kofia mpaka makubadhi. Nyuma yangu walisimama wakulima wa Kicheki na wake zao, kila mmoja kashika ndoo tupu, wanahema.

"Wewe Salha umesoma Ulaya," aliniambia sheha huku akikamua ncha ya kanzu yake. "Tujibu."

Mimi niliyekuwa nauliza kila kitu, niliyemchosha mama yangu pale Kikwajuni kwa "kwa nini" mpaka akawa ananituma dukani ili apumue, nilitafuta kwa macho mtu wa kumuuliza.

Nyinyi vijana mnaotembeza wageni leo mmesomea kazi hii, mna vyeti na simu za mkononi. Mimi niliingia kwa mlango wa bitiruti. Nisikilizeni.

Nilirudi kutoka Chekoslovakia mwaka 1985 na shahada ya kilimo. Nilikuwa nimebobea katika bitiruti za sukari, zao ambalo halijapata kukanyaga Unguja na sidhani kama litakanyaga. Mkubwa wa ofisi niliyopangiwa aliisoma shahada yangu juu chini.

"Bitiruti hizi ndiyo nini?"

"Zinatoa sukari, bwana."

"Miwa si tunayo?"

"Tunayo."

"Basi kaa pale."

Nikakaa pale. Iliamuliwa kwamba mwananchi yeyote mwenye tatizo la bitiruti aletwe kwenye meza yangu. Hakuletwa hata mmoja. Nilikaa mpaka wageni walipoanza kumiminika visiwani na mtu mmoja akakumbuka kwamba yupo msichana anayejua Kicheki. Nikatolewa kwenye meza nikapelekwa kwa Bwana Suleiman ajue la kunifanya.

Bwana Suleiman alikuwa akitembeza watu Mji Mkongwe tangu kabla kazi hiyo haijawa na jina. Alivaa kanzu na koti, akashika mwavuli hata mvua isipokuwepo. Somo lake la kwanza lilikuwa kivuli. "Mlango wa nakshi usiuoneshe adhuhuri," aliniambia. "Mgeni anayeungua kichwa haoni nakshi, anaona maji ya kunywa." Akanifundisha vichochoro vinavyopata kivuli asubuhi na vile vya alasiri, mpaka nikawa naweza kuuvuka mji mzima bila kuguswa na jua. Hilo nawapa bure. Hamtalikuta chuoni.

Somo la pili lilitokana na balaa lililomkuta yeye mwenyewe. Aliwahi kuwapitisha wageni nyumba moja ya Malindi wanywe kahawa, akakuta watu wamekaa wanamsomea marehemu khitma. Wenye nyumba, kwa ukarimu, wakawakaribisha ndani. Wageni wakakaa kwa adabu zote, na dua ilipomalizika wakapiga makofi. "Makofi, Salha! Mmoja akasimama kabisa!" Tangu siku hiyo, alisema, mgeni anaelezwa mwisho kabla ya mwanzo. Aambiwe nini kitatokea, nani atafanya, na yeye asifanye nini.

Nilimheshimu, ila sikumpa raha. Kila alichosema nilitaka ushahidi.

"Hapa palikuwa na kisima," anasema.

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Na wewe kakwambia nani?"

"Mtu ambaye alikuwa hana maswali, Mungu amrehemu."

Nilipoanza kutembeza peke yangu nikafanya kazi kwa mtindo wangu wa chuo kikuu. Mbele ya kila jengo nilisema: watu husema hivi, lakini hakuna uthibitisho. Siku moja mama mmoja wa Kicheki, mpole kabisa, aliniuliza tukiwa tumesimama kwenye kivuli cha ngome, "Samahani binti, kuna kitu chochote kilichotokea katika mji huu?" Nilipomhadithia Bwana Suleiman alicheka mpaka akakalia mwavuli.

Sasa nije kwa Lhotka.

Wacheki wana vijiji vinavyoitwa Lhotka vingi kama sisi tulivyo na kina Juma. Hii ya kwangu ilikuwa ndogo hata miongoni mwa Lhotka. Nilipelekwa huko nikiwa mwanafunzi, kujifunza shambani. Katikati pana bwawa la maji ya zimamoto, ambalo kwa kweli ni mali ya mabata. Pana kikanisa chenye kengele moja, na bibi mmoja ndiye mwenye ufunguo. Pana mti mkubwa ambao maua yake huchemshwa chai ya mafua. Halafu, mrefu kuliko kikanisa na kuliko mti, upo mnara wa mbao wa kikosi cha zimamoto wa kujitolea, wa kuning'inizia mipira ya maji ikauke. Na chini ya mnara sanamu ya mtu mkubwa amevaa kofia ya chuma, anamimina ndoo ya maji juu ya kijumba kinachowaka, kijumba chenyewe hakimfiki gotini.

"Kwa nini mtu awe mkubwa kuliko nyumba?" nilimuuliza mkuu wa kikosi, Bwana Franta, mkulima mwenye masikio mekundu na maneno machache.

"Ili aizime."

"Na lini paliungua hapa mara ya mwisho?"

Akafikiri sana. "Hapajaungua."

"Sasa kikosi cha nini?"

"Si ndiyo sababu hapaungui."

Nilibishana naye majira yote ya kiangazi, juu ya trekta, juu ya kachumbari ya kabichi, juu ya kila kitu. Mkewe, Maruška, alikuwa akinijazia sahani ili ninyamaze. Nilipoondoka, Bwana Franta aliniambia siku wakiruhusiwa kusafiri watakuja kuona kwetu. Nilidhani ni maneno ya kuagana.

Katika miaka ya tisini wakaja. Zimamoto wa Lhotka wote na wake zao, mwezi wa Julai, wakiwa wamemwachia jirani mabata na kazi ya kukata majani ya ng'ombe. Ofisi iliwapokea kwa furaha, nikapewa mimi.

Kuwatembeza watu wa Lhotka mjini ilikuwa kama kumtembeza mtu nyumbani kwake. Walipoona bahari walisema bwawa lao lina mabata. Niliwasimamisha mbele ya Jumba la Maajabu, mahali penye kivuli, nikawaeleza yote. Bwana Franta aliukazia macho mnara wa saa.

"Mnara mzuri," alisema. "Mipira wanaining'iniza upande gani?"

"Hawaning'inizi mipira. Ni wa saa."

Akawageukia wenzake, wakatikisa vichwa kwa masikitiko, kama watu waliooneshwa ng'ombe asiyekamwa.

Siku ya Mwaka nikawapeleka kusini, kijiji nitakachokiita Mwambani, maana wenyewe wapo na wengine bado wamenikunjia uso. Kwa msiofika huko: mwaka wa wakulima na wavuvi wa kusini unaingia kwa moto. Wanaume hupigana kwanza kwa vigogo vya migomba, hasira za mwaka mzima zikaishia hapo. Kisha hujengwa kibanda kidogo cha makuti, mtu mmoja anaingia ndani, kinatiwa moto, naye anatoka kwa nyuma mzima. Kibanda kikishakuwa majivu, mwaka umeingia.

Mtu wa kuingia, Mwambani, alikuwa Mzee Kombo. Kabla yake babake, kabla ya babake babu yake. Siku moja kabla tulikwenda kumuomba ruhusa.

"Shikamoo, Mzee Kombo."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mosi, walete kahawa wageni."

Bi Mosi ni binti yake, mkulima wa mwani, mwanamke wa umri wangu. Alikuja na buli. Nyuma yake akaja Makame, mpwa wa Mzee Kombo, kijana wa kamati, mwenye filimbi shingoni.

"Mjomba kashachoka huyu," Makame aliniambia, bila hata kupunguza sauti. "Nshawaambia wazee. Mwaka huu akiteleza kidogo tu, mwakani kibanda changu."

"Babangu alitoka mle ana umri kunipita mimi," alisema Mzee Kombo.

"Babako alikuwa na miguu, mjomba."

"Makame, koma!" Bi Mosi alimkemea.

Mzee Kombo hakumjibu mpwawe. Alinijibu mimi, kana kwamba ndiye niliyeuliza. "Mkininyang'anya kibanda, ntabaki nani? Ntakuwa mzee tu, wa kuulizwa kala au hajala."

Niliyatafsiri maneno hayo kwa Wacheki. Bwana Franta alisimama akampa mkono, akaushikilia kwa muda.

Asubuhi ya Mwaka nilifuata somo la Bwana Suleiman neno kwa neno. Niliwaweka kitako nikawaambia mwisho kabla ya mwanzo. Watatia moto. Mtu atakuwa ndani. Atatoka mwenyewe. Hakuna wa kumsaidia, hakuna wa kuzima. Nikawataka wanirudishie kwa maneno yao wenyewe, mmoja mmoja, kama madrasa.

"Tumeelewa, Salha," alisema Bwana Franta. "Hata sisi kwetu tunachoma sanamu ya kizee ya majani makavu kila mwaka baridi ikiisha."

"Na zimamoto mnafanya nini?"

"Tunasimama pembeni, tunakunywa bia."

Nikatulia. Vigogo vya migomba vikaanza. Maruška alinong'ona akaniuliza kama wanawake wanaruhusiwa. Nikamjibu kwamba sijui, na kabla sijamuuliza mtu alikuwa kashakata kigogo chake na kumfukuza nacho Makame uwanja mzima, kijiji kinashangilia. Ikawa siku njema.

Mzee Kombo akaingia kibandani. Moto ukatiwa. Wanawake wakaanza kuimba, moshi ukapanda, makuti yakalia kama kikaango. Wageni wangu walikuwa wamesimama wametulia, kamera mikononi. Bwana Franta peke yake alikuwa kasogea upande wa pili wa kibanda, kutafuta kivuli nilidhani.

Nikaona kofia yake inaanguka. Kisha nikasikia ukelele mmoja kwa Kicheki: "Maji!"

Vijana wangu, maisha yangu sijaona watu wakitii vile. Kamera zilitupwa mchangani. Ndoo zilizokuwa kwenye tangi la kutawadhia la msikiti zilinyakuliwa, na kufumba na kufumbua ulikuwepo mstari kutoka tangini mpaka kibandani, mume, mke, mume, mke, ndoo zinapita mikononi kama shanga za tasbihi. Sheha alikimbilia katikati yao mikono juu, anapiga kelele, "Siyo! Siyo! Ni Mwaka huo!" Ndoo ya Maruška ikamkuta hapo hapo.

Moshi ulipotawanyika, nusu ya kibanda ilikuwa imesimama, inachuruzika maji. Mzee Kombo alikuwa nje, kanzu imeingia masizi. Yeye na Bwana Franta wameshikana viwiko. Nyimbo zilikuwa zimekatika.

"Wameuzima Mwaka!" alipiga kelele Makame. "Tangu kuumbwa kwa Mwambani!"

Nilimwendea Bwana Franta. "Si nilikwambia? Si ulirudia mwenyewe?"

Alimtazama Mzee Kombo, kisha akatazama viatu vyake. "Mazoea," alisema. "Mkono umekwenda wenyewe."

Nikatafsiri. Ndipo sheha aliponiuliza lile swali.

Walikuwepo wengi waliokuwa na jibu.

"Kimeungua nusu," alisema muuza duka. "Basi mwaka umeingia nusu."

"Nusu ipi? Ya masika au ya vuli?"

"Ya mbele."

"Mbele ndiyo wapi, kaka, kibanda si duara?"

Wakulima wa mwani walitaka kujua kama kamba wazifunge au wangoje. Bwana mmoja aliyewaahidi wazee kwamba ataoa mke wa pili mwaka ukiingia alisema kwa sauti kwamba yeye, kwa macho yake, ameuona umeingia. Mkewe akasimama. "Haujaingia! Na hautaingia! Mimi nliona maji kabla ya moto!" Watu wa nyumba yake wakamuunga mkono, na hapo kikazuka kigogo cha mgomba kingine, nje ya ratiba.

Makame hakuwa na haja na mke wa mtu. "Suala si wageni," alisema. "Mjomba angetoka upesi, wageni wasingepata hofu. Kakaa mle mpaka watu wakadhani kafa. Kazi imemshinda, tuseme ukweli."

Wazee wawili watatu wakatikisa vichwa polepole, na nikaona Bi Mosi kaziba mdomo kwa ncha ya leso. Ndiyo ilikuwa saa yenyewe ya kibanda kumtoka baba yake.

"Mzee Kombo," sheha alimwita. "Kosa la nani?"

Mzee Kombo alijifuta masizi usoni.

"Mgeni kasema mwenyewe," alijibu. "Mkono wake umekwenda."

"Salha, muulize tena mgeni wako. Kosa lake au si lake?"

Nikamuuliza. Bwana Franta alinyoosha mgongo kama yuko mbele ya mnara wao. "Langu lote," alisema. "Mzee alikuwa anatoka. Mimi ndiye mjinga."

Basi ikahukumiwa. Mwaka haujaingia, Mzee Kombo hana lawama, aliyeharibu ajenge. Kibanda kipya kijengwe na wageni kwa mikono yao, na kiwake kabla ya adhana ya magharibi.

Mngewaona. Bi Mosi na wenzake waliwakalisha chini wakawafundisha kufunga makuti, na Wacheki wakafanya kama wanavyofanya kila kitu Lhotka, yaani kwa kupita kiasi. Walichimbia nguzo. Wakaweka mihimili ya kukingama. Mmoja alipima pembe kwa kamba ya mwani. Sheha alikuwa akizunguka anawaambia, "Jamani, ni cha kuchoma," nami natafsiri, nao wananijibu kwamba wamefahamu, lakini upande huu umepinda.

Kisha Bwana Franta akaanza kukata milango. Mmoja mbele, mmoja nyuma, halafu kulia, halafu kushoto.

"Mwambie hiki si kibanda," alisema Makame. "Hiki soko."

"Kanuni za zimamoto," Bwana Franta alijibu, wala hakugeuka.

Kilipokwisha kilikuwa imara kuliko nyumba kadhaa za pale. Hapo ikaingia balaa mpya: hakuna aliyetaka kukichoma. Bi Mosi alisema kingefaa mbuzi wake. Mwalimu wa madrasa alikuwa na maoni pia. Mzee Kombo ndiye aliyemaliza maneno. Alikizunguka akikipapasa pande zote nne, akasema "Tieni," akaingia. Moto ukatiwa, naye akatoka kwa mlango wa kulia, kimya kimya, huku watu wakimtazamia nyuma. Kibanda kiliwaka mpaka mwisho. Mke wa yule bwana aliyeahidi kuoa aliangua kilio.

Mzee Kombo aliendelea kuingia kibandani miaka kadhaa baada ya hapo, mpaka kifo chake. Makame hakukipata hata mara moja mjomba yu hai. Bwana Franta alirudi kwao akiwa kichekesho. Wageni wa Kicheki waliopitia kwangu baadaye walikuwa wakinihadithia, bila kujua kwamba nilikuwepo, juu ya zimamoto mmoja wa Lhotka aliyevuka bahari kwenda kuzima mwaka wa watu. Nami nilihadithia, tena kwa kuongeza chumvi. Kila niliyemfundisha kazi nilimpa kisa hiki, kama mfano wa mgeni anayeelezwa akaelewa na bado akaharibu.

Miaka ya elfu mbili nilikwenda Mwambani siku ya Mwaka, si kikazi. Kibanda kilikuwa na milango minne. Mtembeza wageni mmoja, kijana hodari, nisingependa kumtaja, alikuwa anawaeleza Wataliano kwamba milango ile tangu enzi za mababu ni pepo nne za bahari. Nilimvuta pembeni nikamuuliza nani kasema. Alinijibu, "Wenyewe, Bi Salha." Na kweli wenyewe walikuwa wanasema.

Nilikwenda kwa Bi Mosi nikamhadithia, nikicheka mpaka machozi. Yeye alikuwa anachambua mwani wake juani. Hakucheka.

"Salha," alisema. "Baba alikuwa haoni."

Nikajifuta machozi ya kicheko.

"Mwaka ule alikuwa hata mkono wake mwenyewe haoni. Tulijua sisi wawili, mimi na yeye. Njia ya kibandani aliijua kwa miguu. Vijana wakakigeuza kibanda wageni wapate picha nzuri, hawakumwambia mtu. Baba akaenda mlango wa kutokea ulipokuwa kila mwaka, akakuta makuti. Yule mgeni wenu aliuona mkono wake umetokeza ukutani, unatafuta."

"Mbona Franta hakusema? Aliulizwa mara mbili mbele za watu!"

"Baba alimbana kiwiko." Akageuza fungu la mwani upande wa pili. "Hawakuwa na lugha. Alimbana tu kiwiko, na yule akaelewa."